Miili Inayosema: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Michezo ya Mapigano ya Zamani, Mieleka na Vipindi vya Watoto

Kwa nini unayaweka mambo haya matatu mahali pamoja?

Kwa sababu yalinifikia pamoja, na kwa sababu kadiri nilivyoyachunguza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ni ndugu wa damu. Mtoto aliyekulia Tanga mwishoni mwa miaka ya 1990, kama nilivyokuwa mimi, alikutana na Zangief, mwanamieleka wa gemu ya Street Fighter II, na wanamieleka wa Marekani, na Power Rangers wa kipindi cha watoto, karibu kwa wakati mmoja na katika mtaa uleule: huyu kwenye kibanda cha gemu, wale kwenye kanda ya video ya kuazima, hawa kwa jirani mwenye televisheni. Kijapani hatukukijua, na Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani tu, lakini hatukuwahi kupotea ndani ya hadithi. Tulimjua steringi ni nani na adui ni nani, tukajua aliyekasirika na anayeogopa, tukajua pia ni lini pigo la mwisho linakaribia.

Maelezo yangu ya jambo hilo, ambayo majibu mengi hapa chini yatayarudia kwa njia mbalimbali, ni kwamba sanaa zote tatu zimejengwa juu ya ujuzi mmoja, nao ni kuufanya mwili useme waziwazi kiasi kwamba hata asiyejua lugha, au aliyeketi mbali, au anayetazama kioo kidogo chenye chenga, aelewe. Zaidi ya hapo kuna undugu wa moja kwa moja: wabunifu wa michezo ya video ya mapigano, hasa Wajapani, walikuwa watazamaji wa mieleka, na mieleka yenyewe ilikuwa imekwisha kuazima sura na majina kutoka vibonzo vya watoto.

Ni mchezo gani wa mapigano unaohesabiwa kuwa wa kwanza?

Wapo wanaokwenda nyuma hadi miaka ya 1970, lakini mchezo ambao mpangilio wake tunautambua hadi leo, wa watu wawili wanaotazamana kwa ubavu mbele ya mwamuzi, ni Karate Champ wa mwaka 1984, uliotengenezwa na Technos Japan. Inafaa kukumbuka kwamba kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza mashine za mieleka za WWF Superstars mwaka 1989 na WWF WrestleFest mwaka 1991, zilizobeba jina la WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani. Kwa hiyo watu wa karate na watu wa mieleka walikuwa wakikaa ofisi moja tangu mwanzo.

Street Fighter II ilileta kitu gani kipya hata ikaheshimiwa namna hii?

Hapa naomba subira ya msomaji, kwa kuwa jibu fupi halitendi haki.

Street Fighter ya kwanza, ya mwaka 1987, ilikuwa na wazo zuri lililokosa mwili wa kulibeba. Takashi Nishiyama na Hiroshi Matsumoto wa kampuni ya Kijapani ya Capcom walitaka mchezaji aihisi tofauti kati ya pigo jepesi na pigo zito, na baadhi ya mashine zao za mwanzo zilikuwa na vibonyezo viwili vikubwa vya mpira vilivyopima nguvu ya kiganja cha mtu. Baadaye nafasi ya vibonyezo hivyo ikachukuliwa na vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke. Vitufe hivyo sita ndivyo vilivyorithiwa na Street Fighter II mwaka 1991, chini ya Akira Nishitani na Akira Yasuda, na safari hii wapiganaji wa kuchagua walikuwa wanane, kutoka nchi mbalimbali, na karibu kila mmoja na umbo lake na mwendo wake.

Umbo ndilo ninalotaka kulikazia. Picha ya mpiganaji katika mashine za wakati ule ilikuwa ndogo, ya pikseli chache, wala haikuwa na nafasi ya kuonyesha uso unaobadilika kila mara. Yasuda na wachoraji wenzake walilazimika kuitia tabia katika mkao wa mabega, upana wa mapaja na jinsi mtu anavyosubiri. Ukiwapaka wengi wao rangi nyeusi tupu, bado utawatambua: Blanka aliyejikunja kama mnyama, Guile aliyenyooka na nywele zake za bapa, Dhalsim aliyekonda na viungo vinavyorefuka, Chun-Li mwenye miguu yenye nguvu na vishungi viwili vya nywele. Mtoto asiyeweza kusoma neno hata moja kwenye kioo alijua kwa kutazama tu ni nani mwepesi na ni nani mzito, na akajua amwogope nani.

Kisha kuna habari ya kombo, yaani mfululizo wa mapigo ambao ukishaanza mpinzani hawezi kuuzuia. Leo hakuna mchezo wa mapigano usiokuwa nao, lakini ulizaliwa bila kukusudiwa. Mtayarishaji Noritaka Funamizu alikuwa akiikagua hatua ya ziada ya kuvunja gari, akagundua kwamba pigo moja linaweza kuingizwa ndani ya jingine kabla la kwanza halijamalizika. Ilikuwa kasoro ya programu. Waliiacha kwa kudhani kwamba ni ngumu mno, wachezaji hawataweza kuitumia, lakini wachezaji wakaiweza, na sanaa nzima ikajengwa juu ya kasoro hiyo.

Mwaka 1992 likaja toleo la Champion Edition, ambalo liliruhusu maadui wanne wa mwisho wachezwe na mtu, na likaruhusu pia watu wawili wachague mpiganaji mmoja. Wakati huohuo mashine zilizochezewa na wajanja, zenye kasi isiyo ya kawaida na mapigo ya kichaa, zikaenea sehemu nyingi, na Capcom ikajibu mwishoni mwa mwaka huo kwa toleo la Hyper Fighting lililoongezwa kasi rasmi. Naamini hili ndilo toleo bora la mchezo huu, ingawa marafiki zangu wengi wanalitetea lile la 1994, Super Turbo, na wana hoja.

Kwa nini majina ya maadui yanatofautiana kati ya Japani na nchi nyingine?

Bondia wa mchezo huu aliitwa M. Bison huko Japani, naye alifanana mno na Mike Tyson. Ili kuepuka kesi nje ya Japani, majina matatu yalizungushwa: bondia akawa Balrog, yule Mhispania wa makucha aliyekuwa Balrog akawa Vega, na dikteta aliyekuwa Vega akawa M. Bison. Ndiyo maana mashabiki wanaozungumza na Wajapani hupenda kusema tu “bondia”, “makucha” na “dikteta”.

Mwanamieleka ana nafasi gani katika michezo hii?

Ana nafasi ya pekee, na kwa maoni yangu ndiye mpiganaji anayeufanya mchezo uwe na hofu. Wengine hurusha moto kutoka mbali au huruka kwa mateke. Mwanamieleka hana kitu mpaka akufikie. Lakini akikufikia, kujikinga hakukusaidii, maana kukamatwa hakuzuiliwi kwa mikono iliyokunjwa. Mchezo mzima hugeuka kuwa suala la hatua: amebakiza hatua tatu, amebakiza mbili, sasa je?

Baba wa ukoo huu ni Zangief wa Street Fighter II, Mrusi mwenye makovu ya dubu, ambaye jina lake limetokana na Victor Zangiev, mwanamieleka halisi wa Umoja wa Kisovyeti aliyekwenda kushindana Japani. Zangief alitoka mwaka uleule ambao Umoja wa Kisovyeti ulivunjika, na katika mwisho wa hadithi yake anacheza ngoma ya Kirusi pamoja na kiongozi anayefanana kabisa na Gorbachev. Pigo lake kuu, la kumpindua mtu kichwa chini na kuzunguka naye angani, huhitaji mchezaji azungushe stiki mduara mzima, na ugumu huo ni wa haki kwa sababu malipo yake ni makubwa.

Wenzake ni wengi. Katika Final Fight ya mwaka 1989 kuna Mike Haggar, meya wa mji ambaye zamani alikuwa mwanamieleka, na katika mchezo huohuo kuna jitu liitwalo Andore, lililochorwa kwa kumfuata mwanamieleka André the Giant na ambalo baadaye lilizaa mpiganaji aitwaye Hugo. Kampuni ya SNK nayo, katika Fatal Fury ya 1991, ilikuwa na Raiden, ambaye kila aliyemwona mwanamieleka Big Van Vader anajua ametoka wapi. Capcom iliupenda ukoo huu kiasi cha kuutengenezea mchezo wake wenyewe wa mieleka mwaka 1993, ikamwajiri mchoraji wa vibonzo Tetsuo Hara kuchora wahusika na kumrudisha Haggar ulingoni.

Je, King wa Tekken ni mtu wa kweli?

King ni wa kubuni, ila amesimama juu ya mtu wa kweli, na habari za mtu huyo ni nzuri kuliko za kubuni.

Huko Meksiko kulikuwa na padri aitwaye Sergio Gutiérrez Benítez, aliyelea watoto yatima na hakuwa na fedha za kuwatosha. Akavaa barakoa ya rangi ya dhahabu na nyekundu, akajiita Fray Tormenta, yaani Bruda Dhoruba, akaingia ulingoni kwa miaka mingi ili mapato yake yawalishe watoto. Mwanzoni alificha kwamba yeye ni padri. Wazo lenyewe alilipata kutoka filamu ya Meksiko ya miaka ya 1960 iliyomhusu padri mwanamieleka, kwa hiyo filamu ilizaa maisha, na maisha yakazaa gemu. Namco walipoitoa Tekken mwaka 1994, wakamweka humo mwanamieleka mwenye barakoa ya jagwa anayepigana kwa ajili ya kituo cha yatima. King wa kwanza anauawa kabla ya Tekken 3, na barakoa inavaliwa na kijana aliyelelewa katika kituo kilekile.

Urithi huo wa barakoa si jambo dogo Meksiko. El Santo, mwanamieleka aliyeanza kuvaa barakoa yake ya fedha mwaka 1942, aliionyesha sehemu tu ya uso wake kwenye televisheni mwanzoni mwa 1984, akafariki siku chache baadaye, na akazikwa akiwa ameivaa.

Kati ya kibonzo cha Tiger Mask na mwanamieleka Tiger Mask, kipi kilitangulia?

Kilitangulia kibonzo, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Hadithi ya Tiger Mask ilianza kuchapishwa Japani mwaka 1968, ikiandikwa na Ikki Kajiwara na kuchorwa na Naoki Tsuji, na mwaka 1969 ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni ambako iliendelea hadi 1971 kwa sehemu 105. Inamhusu Naoto Date, yatima aliyefunzwa mieleka ya ukatili na genge la siri, ambaye anaanza kuwapelekea watoto wa kituo alicholelewa fedha alizotakiwa kulipa genge. Kuanzia hapo kila pambano ni jaribio la genge kumuua, na watoto anaowasaidia hawajui kwamba kaka yao mpole anayewaletea zawadi ndiye chui milia wanayemshangilia kwenye televisheni. Kisa hicho kilipendwa mbali sana na Japani, hasa Italia, na kilitiwa sauti kwa Kiarabu kwa jina lenye maana ya “Chui Milia Mwenye Barakoa”, kwa hiyo wapo Waswahili waliokulia Oman na Ghuba ambao kwao huyu ni steringi wa utotoni, wala hawahitaji maelezo yangu.

Tarehe 23 Aprili 1981, katika ukumbi wa Kuramae Kokugikan jijini Tokyo, kibonzo kilipata nyama na mifupa. Kijana aitwaye Satoru Sayama aliingia ulingoni akiwa amevaa barakoa ya Tiger Mask kupambana na Mwingereza Dynamite Kid. Wengi ukumbini walidhani ni tangazo tu la kuwafurahisha watoto. Lakini Sayama aliruka, akazunguka, akatua na kugeuka kwa kasi ambayo watazamaji walikuwa wameizoea katika michoro tu, na kabla pambano halijaisha ukumbi ulikuwa wake. Aina nzima ya mieleka ya watu wepesi wanaoruka imejengwa juu ya usiku huo. Mwaka 1989 jambo hilo likarudiwa kwa Jushin Liger, ambaye naye alitoka katika kibonzo cha Go Nagai, na ambaye aliendelea kushindana kwa miaka thelathini akiwa ndani ya vazi la kipindi cha watoto.

Kisa hakikuishia hapo. Siku ya Krismasi mwaka 2010, katika mkoa wa Gunma, mabegi kumi ya shule yalikutwa mlangoni mwa kituo cha kuwahudumia watoto, pamoja na barua iliyosainiwa kwa jina la Naoto Date. Habari ilipoenea, watu wasiojulikana katika sehemu mbalimbali za Japani wakaanza kuacha zawadi kwenye vituo vya yatima kwa jina hilohilo. Waliokuwa watoto mwaka 1969 walikuwa wamekwisha kuwa watu wa makamo, na walikumbuka.

Mieleka ya kulipwa ni ya kweli au ni maigizo?

Matokeo yamepangwa, na kampuni ya WWF yenyewe ilikiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey mwaka 1989 kwamba kazi yake ni burudani na si mashindano, kwa sababu iliona faida ya kutosimamiwa kama ngumi. Anayeuliza swali hili kwa dhihaka hana analolifichua.

Lakini kisichopangwa ni sakafu. Mtu wa kilo mia akianguka kwa mgongo, anaanguka kwa mgongo. Dynamite Kid niliyemtaja hapo juu, ambaye wengi tunamhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa waliopata kupanda ulingoni, aliishi miaka yake ya mwisho kwenye kiti cha magurudumu, akafariki mwaka 2018 siku alipotimiza miaka sitini. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema “ni uongo tu”, mimi huona kwamba ametumia neno lisilotosha. Kazi ya mwanamieleka ni kumlinda mwenzake huku akimfanya mtazamaji wa kiti cha mwisho kabisa aamini kwamba mwenzake anaumia, na ili hilo lifanikiwe anayepigwa ana kazi kubwa kuliko anayepiga: ndiye anayeonyesha uzito wa pigo. Bila yeye, pigo ni mkono uliopita hewani.

Wachoraji wa gemu walilielewa hili barabara. Kumbuka jinsi kila kitu kinavyosimama kwa kitambo kifupi mno pigo linapotua katika Street Fighter II, kisha aliyepigwa anarudi nyuma na kichwa chake kikitupwa. Kusimama kule ni kazi ileile ya anayepigwa ulingoni, ila imeandikwa kwa programu.

Je, ni kweli kwamba mwanamieleka aliwahi kuigiza Mario?

Ni kweli. Captain Lou Albano, aliyewahi kuwa mwanamieleka na kisha meneja maarufu wa wanamieleka katika WWF, aliigiza Mario katika kipindi cha watoto cha The Super Mario Bros. Super Show! kilichoanza Marekani mwaka 1989, na Danny Wells akawa Luigi. Kabla ya hapo, kati ya 1985 na 1986, televisheni ya CBS ilikuwa na katuni ya Hulk Hogan na wenzake. Sijui mtu mwingine anayeonyesha vizuri kuliko Albano kwamba milango ya nyumba hizi tatu ilikuwa wazi.

Power Rangers wanahusikaje?

Power Rangers walianza kuonyeshwa Marekani Agosti 1993, lakini sehemu kubwa ya mapigano yao ilikuwa imepigwa picha Japani kwa ajili ya kipindi kingine, Kyoryu Sentai Zyuranger cha mwaka 1992, kilicho cha ukoo ulioanza na Goranger mwaka 1975. Kampuni ya Haim Saban ilinunua picha hizo, ikawaweka vijana wa Kimarekani katika sehemu zisizokuwa na kofia, na kuziunganisha. Ushahidi unaonekana kwa jicho: yule wa njano ni msichana anapokuwa bila kofia, lakini vazi lake halina sketi kama la yule wa waridi, kwa sababu huko Japani aliyelivaa alikuwa mwanamume.

Kilichoniteka mimi ni sanaa ya watu waliokuwa ndani ya mavazi hayo. Kofia haina mdomo unaofunguka wala macho yanayoonekana. Mwigizaji akitaka kusema neno, lazima atikise kichwa, anyooshe kidole, akunje ngumi mbele ya kifua, ili mtoto ajue kwamba anayesema ni yule mwekundu na si yule wa buluu. Akiogopa, magoti ndiyo yaseme. Hata jitu likishindwa, husimama kidogo, hutetemeka, huanguka taratibu, ndipo mlipuko unafuata, na taratibu hiyo humpa mtoto muda wa kuelewa kwamba mambo yamekwisha. Nilipokuja kuyatazama tena ukubwani nikiwa na mapambano ya Tiger Mask kando yake, niliona kwamba Sayama alikuwa akifanya kazi ileile, mtu mwenye uso uliofunikwa anayehadithia kwa mabega na magoti.

Vitu hivi vilifikaje kwetu, na kwa nini Tekken 3 ilishika hivyo?

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1974, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo chake chochote hadi 1994. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa bara mlango wa kwanza ulikuwa kanda ya video, na mahali pa kuitazama palikuwa kibanda au sebule ya jirani, watu wengi mbele ya kioo kimoja. Historia ya Japani inafanana na yetu kwa namna inayonigusa. Utangazaji wa televisheni ulipoanza huko mwaka 1953, watu wachache mno walimudu kununua televisheni, ndipo zikawekwa hadharani mitaani, na Februari 1954 umati mkubwa ulisimama nje katika baridi kumtazama mwanamieleka Rikidozan akipambana na ndugu wawili wa ukoo wa Sharpe. Ninaposoma habari hizo naona kabisa vichwa vya watoto vilivyojaa dirishani kwa jirani yetu.

Tekken 3 ilitoka kwenye mashine za sarafu mwaka 1997 na kwenye PlayStation mwaka 1998, na katika vibanda vya gemu vya miji yetu ilikuta mazingira yanayoifaa. Pambano ni fupi, kwa hiyo foleni inasonga: anayefungwa anaachia pedi. Tena, mpangilio wake hauhitaji mwalimu, maana vitufe vinne ni viungo vinne vya mwili, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Mtoto aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza alimchukua Eddy Gordo, akabonyeza vitufe vya mateke bila mpango, na ngoma ya kapoera ikatoka, nzuri ya kutazama na yenye kuudhi kwa aliyejifunza kwa bidii. Kwetu King aliitwa Chui tu. Kijana mmoja wa mtaani alijua mfululizo wake wa kumkamata mtu na kumpitisha kutoka mkao huu hadi ule bila kumwachia, na alipouanza, kibanda kizima kilinyamaza kuhesabu. Sijausahau ukimya ule.

Je, mchezaji asiyetoka Japani au Marekani anaweza kufika mbali?

Anaweza. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alishinda mashindano ya Evo Japan katika Tekken 7, kisha mwaka huohuo akashinda Evo yenyewe, mashindano makubwa ya michezo ya mapigano, huko Las Vegas, akitokea katika nchi ambayo wakubwa wa mchezo huu walikuwa hawaihesabu.

Anayetaka kuona jinsi mashindano haya yanavyomshika hata asiyejua sheria, atafute pambano la Evo la mwaka 2004 kati ya Daigo Umehara na Justin Wong katika Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo amebakiwa na uhai kidogo kiasi kwamba hata pigo lililokingwa lingemmaliza, naye analipangua shambulio kuu la Chun-Li wa Justin pigo baada ya pigo, yote kumi na tano, kisha anashinda raundi. Mama yangu, ambaye hajawahi kushika pedi, alipoionyeshwa alishika mdomo.

Je, michezo hii haiwafundishi watoto ukatili?

Swali hili ni la haki na lina historia. Mortal Kombat ya mwaka 1992, iliyotengenezwa na Ed Boon, John Tobias na wenzao wachache kwa kutumia picha za waigizaji halisi, ilikuwa na damu na mauaji ya wazi. Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliendesha vikao kuhusu michezo ya aina hiyo mbele ya Seneti ya Marekani, na mwaka 1994 kikaanzishwa chombo cha kuiwekea michezo viwango vya umri. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mzazi ana haki ya kujua kilichomo ndani ya kasha.

Hata hivyo nisingeiweka michezo yote kapu moja. Katika Street Fighter II aliyeshindwa hubaki na uso uliovimba na kukabiliwa na changamoto ya kurudi. Katika Mortal Kombat aliyeshindwa hung'olewa kichwa. Ya kwanza ningemwachia mtoto wa miaka minane nikiwa nimekaa kando yake. Ya pili hapana. Na kuhusu mieleka, la kwanza kumwambia mtoto ni kwamba wale watu wamejifunza kwa miaka namna ya kuanguka, naye hajajifunza, kwa hiyo asimjaribie mdogo wake kwenye godoro. Kwetu mkono mmoja ulivunjika kwa njia hiyo, na haukuwa mkono wa aliyeanzisha.

Nianze na mchezo upi leo, na ninahitaji vifaa gani?

Mkusanyo wa Street Fighter 30th Anniversary Collection wa mwaka 2018 una michezo kumi na miwili ya zamani na unatosha kwa miezi mingi. Kwa mieleka, Fire Pro Wrestling World ya 2017 inaendeleza mfululizo ulioanza 1989, ambao ushindi wake hutegemea kubonyeza kwa wakati na si kubonyeza kwa fujo. Ukiipata WWF No Mercy ya Nintendo 64, ya mwaka 2000, usiiachie.

Kama una mashine yenyewe ya zamani, tafuta pia televisheni ya zamani yenye kioo cha tumbo. Televisheni bapa nyingi huchelewa kidogo kuonyesha ulichobonyeza, na katika michezo hii kidogo hicho ni kikubwa.

Kila nikijaribu kuzungusha stiki kwa ajili ya pigo la Zangief, anaruka. Nakosea wapi?

Hukosei, mduara mzima lazima upite juu, na juu maana yake ni kuruka. Siri ni kuuficha mzunguko ndani ya tendo jingine. Ruka kwanza kumwelekea mpinzani, zungusha ukiwa bado angani, kisha bonyeza ngumi mara tu miguu inapogusa chini. Au piga ngumi nyepesi, na wakati mkono wake ukirudi wewe uwe umekwisha kuzungusha. Tena mchezo huu hauhitaji mduara uliotimia kabisa: ukianzia mbele, ukashuka chini, ukaenda nyuma na kumalizia juu, robo tatu tu za mduara, ukabonyeza papo hapo kabla hajainuka, atakamata. Fanya mazoezi ukiwa upande wa kushoto wa kioo kwanza, halafu upande wa kulia, kwa sababu kidole gumba kina upande kinaoupenda.